Ekseli nzito haiongezi tani kwenye mizani

Viazi mviringo havingoji fundi. Lori likikatika shafti ya nyuma kwenye mteremko wa udongo huko Nyanda za Juu Kusini, mvua ikiwa inanyesha, hesabu ya hasara inaanza saa hiyo hiyo. Utingo analala juu ya magunia, dereva anapanda kilima kutafuta mtandao ili ampigie tajiri wake, na tajiri anatafuta shafti Makambako. Akiikosa anaagiza Dar es Salaam ipakiwe kwenye basi. Siku ya tatu magunia ya chini yanaanza kutoa maji. Siku ya nne dalali aliyekuwa akiusubiri mzigo sokoni amekwisha kununua wa mtu mwingine, na mzigo ukifika unapokewa kwa bei ya huruma.

Hasara hiyo haiishii kwa mwenye lori. Msimu unaofuata nauli ya gunia inapanda, na mkulima ndiye anayeilipa, ama kwa fedha mkononi au kwa kukatwa bei shambani.

Ndiyo maana wenye malori na magari ya kuingia porini wanazidi kuulizia ekseli ngumu zaidi ya zile zilizokuja na gari kutoka kiwandani. Mvua za El Nino za mwishoni mwa mwaka 2023, zikifuatiwa na masika mazito ya mwaka 2024, zilikata barabara na kubeba makalavati katika mikoa mingi ya Tanzania. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya nacho kilipiga pwani na kukata barabara kuu ya kwenda Lindi, eneo la Somanga. Barabara kuu hutengenezwa kwanza. Zile za kwenda mashambani husubiri, na wakati zikisubiri mazao huendelea kukomaa.

Wazo la kubadili ekseli si baya. Tatizo ni sababu inayowasukuma wengi kulifikia. Mwenye lori anayetaka ekseli nene mara nyingi anataka kuongeza magunia, na hapo ndipo anapopoteza fedha zake. Ekseli ngumu inanunuliwa kwa ajili ya kuvumilia barabara. Tani za kubeba zinaamuliwa na vitu vingine, na karibu vyote haviguswi siku ekseli inapobadilishwa.

Kilichovunjika kinasema nini

Kabla ya kuuliza bei ya ekseli nyingine, mwenye gari anapaswa kukiangalia kwa makini kile kilichovunjika. Mafundi wengi hukitupa kwenye rundo la vyuma chakavu kabla hakijapoa. Hilo ni kosa, kwa sababu kila sehemu ya ekseli ina namna yake ya kufa.

Shafti ya ndani, ile inayotoka kwenye difu kwenda kwenye gurudumu, ikikatika huku meno yake ya mwisho yamejisokota kama kamba, imeuawa na nguvu ya kuzungusha. Chanzo cha kawaida ni gurudumu linalozunguka bure kwenye tope, dereva akiendelea kukanyaga mafuta, kisha ghafla tairi likakamata jiwe au ukingo wa lami. Mzunguko wote wa injini, gia ya kwanza na difu huishia kwenye chuma hicho kwa mpigo mmoja. Shafti nene itasaidia, lakini dereva wa namna hiyo atafika nayo pia mwisho wake, na pengine safari hiyo atavunja kitu kilicho mbele yake, kama krosi za propela au meno ya gia boksi.

Hausingi, yaani ganda la chuma linalobeba shafti na difu, likipinda, mkosaji ni uzito na mshindo. Dalili zake huonekana mapema: matairi ya nyuma hulika upande wa ndani tu, sili za mafuta huvuja kila zikibadilishwa, na gari likiangaliwa kwa nyuma magurudumu yamelala kama miguu ya ng'ombe aliyechoka. Gari la namna hii ndilo linalohitaji ekseli nyingine. Kubadili shafti peke yake ndani ya hausingi lililopinda ni kununua shafti nyingine ya kuvunja.

Beringi zikifa mara kwa mara, au meno ya kraunpinioni yakikwanguka, jambo la kwanza kushuku ni maji na mafuta. Ekseli inayopita mtoni ikiwa ya moto hupoa ghafla. Hewa iliyomo ndani husinyaa, na kama kijibomba cha kupumulia juu ya hausingi kimeziba kwa tope, ekseli hunyonya maji kupitia kwenye sili. Mafuta ya difu yakifunguliwa yanatoka na rangi ya chai ya maziwa. Hapo dawa ni kuondoa mafuta hayo, kusafisha kijibomba na kukiunganisha na mpira mrefu unaopanda hadi juu ya chasisi. Gharama yake hailingani hata kidogo na ya ekseli, na ni aibu kwamba magari yanayovuka mito kila wiki hayafungwi mpira huo.

Inayobeba na isiyobeba

Tofauti kubwa kati ya ekseli dhaifu na ekseli ngumu haiko kwenye unene peke yake. Iko kwenye kazi ambayo shafti ya ndani imepewa.

Katika pikapu nyingi ndogo, ikiwamo Toyota Hilux, shafti ya nyuma inafanya kazi mbili: inazungusha gurudumu na pia inabeba uzito wa gari upande wake. Gurudumu limefungwa kwenye shafti yenyewe. Shafti hiyo ikikatika karibu na beringi, gurudumu linaweza kuondoka na kulitangulia gari barabarani.

Katika malori kama Canter na Fuso, katika Land Rover za zamani na katika Toyota Land Cruiser nyingi za kazi za mfululizo wa 70, uzito unabebwa na habu inayozunguka juu ya beringi zilizokaa kwenye hausingi lenyewe. Shafti inazungusha tu. Ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake, na fundi anaweza kufungua bolti za katikati ya habu, akaichomoa na kuingiza nyingine bila kupiga jeki wala kupakua mzigo. Kuitambua ni rahisi. Katikati ya gurudumu la nyuma hutokeza kifuniko cha duara chenye bolti zake, kando na nati za ringi. Pasipo na kifuniko hicho, mara nyingi shafti ndiyo inayobeba.

Kwa mfanyabiashara anayekimbiza bidhaa za magulio kwa pikapu kwenye barabara mbovu, hatua hiyo ya kutoka kwenye shafti inayobeba kwenda kwenye isiyobeba ni ya maana kuliko kuongeza unene wa chuma. Lakini lazima aulize pia kama kuna haja ya kuifanya kwenye gari hilo hilo. Mara nyingi ukijumlisha ekseli ya mtumba, kuchomelea, breki, ringi mpya na ufundi, unakuta kwamba kuuza pikapu na kununua gari lililotoka kiwandani likiwa na ekseli hiyo kungegharimu kiasi kinachokaribiana, na lisingekuwa gari la majaribio.

Somo la Land Rover

Hakuna gari lililowafundisha watu wa Afrika Mashariki habari za ekseli kama Land Rover. Shafti za nyuma za Series za zamani zilikuwa na meno 10 tu mwishoni, na zilijulikana kwa kukatika. Dereva makini alitembea na moja ya akiba nyuma ya kiti. Baadaye kampuni iliweka kwenye Land Rover 109 ekseli ya nyuma ya Salisbury, nzito na nene, jamaa wa ile ya Kimarekani ya Dana 60, na ikaendelea nayo kwenye Land Rover 110. Hiyo ndiyo ekseli ambayo mpaka leo watu wanaivua kwenye magari yaliyokufa na kuihamishia kwenye yaliyo hai.

Mtego upo kwenye meno ya difu. Difu za Series zilikuwa na uwiano wa 4.7, maana yake propela huzunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Za Range Rover ya kwanza na Land Rover zilizokuja kuitwa Defender zilikuwa 3.54. Mtu akifunga nyuma ekseli ya 3.54 na kuacha mbele ile ya 4.7, gari litatembea vizuri kabisa kwenye nyuma peke yake. Siku atakapoingiza magurudumu yote manne, mbele na nyuma vitataka mwendo tofauti. Kwenye tope matairi yatateleza na kuficha kosa. Kwenye ardhi kavu kitu lazima kivunjike, na kwa kawaida ni gia boksi ya magurudumu manne, ambayo bei yake inaumiza kuliko shafti yoyote.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, meno yahesabiwe. Meno ya krauni yagawanywe kwa meno ya pinioni: 37 kwa 9 ni 4.11; 40 kwa 7 ni 5.71. Kama hakuna nafasi ya kufungua, chora alama kwenye propela na kwenye magurudumu, uyazungushe yote mawili ya ekseli kwa pamoja mzunguko mmoja, halafu uhesabu propela imezunguka mara ngapi. Muuzaji anayekataa kipimo hicho amekwisha kujibu swali.

Kwa lori la magurudumu mawili ya kuvuta, uwiano mwingine hauvunji kitu papo hapo, ila unabadili tabia ya gari. Namba kubwa hulipa nguvu ya kupanda na kulinyima mwendo. Namba ndogo hufanya kinyume, na kwenye kilima dereva atalazimika kuicheua klachi. Spidi mita nayo huanza kusema uongo.

Jambo linaloendana na hilo ni matairi. Wengi wanaobadili ekseli hupanda pia matairi makubwa ili gari liinuke. Tairi refu ni kama mpini mrefu wa spana: linaipa barabara nguvu zaidi ya kuisokota shafti. Mtu anaweza kununua shafti nene na matairi makubwa siku moja, akarudi karibu na pale alipoanzia.

Mizani haiangalii unene

Sasa turudi kwenye tani. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inahusu magari ya kuanzia tani 3.5, na inapima kila ekseli kivyake. Ekseli ya usukani yenye matairi mawili ina ukomo wa tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne, tani 10. Ekseli mbili zinazofuatana zenye matairi manane, tani 18. Tatu zenye matairi 12, tani 24. Gari lote pamoja na tela halipaswi kuvuka tani 56. Hakuna mahali popote ambapo mpimaji wa Vigwaza, Mikese au Makambako anaruhusiwa kuongeza tani kwa sababu chuma kilichoko chini ni kinene.

Tuchukue mfano wa lori la ekseli mbili lenye uzito wa tani 6 likiwa tupu, tani 2.5 zikiwa mbele na 3.5 nyuma. Likipakiwa kwa mpangilio wa kawaida, tuseme asilimia 85 ya mzigo inakaa kwenye ekseli ya nyuma. Magunia 75 ya kilo 100 ni tani 7.5, na nyuma patasoma karibu tani 9.9. Limepita.

Magunia hayo hayo 75 yakiwa ya lumbesa, kila moja kilo 130, ni tani 9.75. Gari lote sasa lina tani 15.75, na dereva anaapa kwamba yuko chini ya tani 18 ambazo ekseli zake mbili zinaruhusiwa. Ni kweli. Lakini ekseli ya nyuma peke yake inasoma karibu tani 11.8. Atatozwa, na tozo hupanda kadiri uzito unavyozidi, kiasi kwamba faida ya yale magunia yaliyojazwa kofia inaweza kuishia dirishani pale pale.

Lumbesa imesemwa sana kama dhuluma dhidi ya mkulima, na ni kweli kwamba ni dhuluma. Kipimo cha kisheria cha gunia la mazao hakipaswi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakilipigia kelele suala hilo kwa miaka. Kisichosemwa sana ni kwamba lumbesa ndiyo muuaji mkuu wa ekseli za vijijini. Dereva anahesabu magunia. Ekseli inahesabu kilo. Tajiri anayelalamika kwamba shafti za siku hizi ni laini aanze kwa kupima gunia moja.

Na ukomo wa barabara si ukomo wa kiwanda. Ekseli ya Canter ndogo haikutengenezwa kubeba tani 10 hata kama ina matairi manne nyuma. Bati la kiwanda lina namba yake, ambayo ni ndogo zaidi, na hiyo ndiyo ya kufuatwa. Aidha, kwenye barabara nyingi za wilaya zilizo chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, vibao vinaonyesha kikomo cha tani 10 kwa gari. Lori la mfano wetu likiwa na magunia 75 halali lina tani 13.5. Limefaulu Vigwaza, lakini kwenye kalavati la kijijini lilikotoka lilikuwa tayari limezidi.

Hapo ndipo mambo yanapozunguka na kumrudia mkulima. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hauongezeki sawa na uzito wa ekseli. Unaongezeka takriban kwa uzito huo kuzidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 12 haiharibu kwa asilimia 20 zaidi ya ile ya tani 10. Inaharibu karibu mara mbili. Lori letu la lumbesa, lililotoka tani 9.9 hadi 11.8, nalo limeongeza madhara maradufu kwa ongezeko la tani mbili na robo za viazi. Mashimo hayo ndiyo yanayovunja ekseli za msimu ujao. Na fedha za kuyaziba zinatoka kwenye tozo za mafuta, ikiwamo ile ya shilingi 100 kwa lita iliyoongezwa mwaka 2021 kwa ajili ya barabara za vijijini, ambayo mkulima anailipa kila anapowasha pampu ya kumwagilia.

Udhaifu hauondoki, unahama

Gari ni mnyororo. Ukiimarisha pingu moja, itakayokatika ni ile iliyo jirani. Ekseli nzito ikifungwa kwenye springi zile zile, majani ya springi yatavunjika. Yakiongezwa majani, chasisi itaanza kupasuka kwenye mabano ya springi. Ikiimarishwa chasisi kwa kuchomelea bati, gari linakuwa zito zaidi likiwa tupu, na kila kilo ya bati ni kilo isiyobeba viazi. Tena ekseli nzito iko chini ya springi. Inapopiga shimo inarusha uzito mkubwa zaidi juu, na abiria pamoja na nyanya wanausikia.

Breki ndizo za kuogopwa kuliko vyote. Canter nyingi hutumia breki za mafuta. Malori makubwa yanatumia upepo. Ekseli ya lori la upepo haiwezi kufungwa kwenye gari la mafuta kwa kubahatisha, na kuna magari yanayoshuka milimani yakiwa na breki za mbele za aina moja na za nyuma zilizounganishwa kwa ujanja wa gereji. Barabara ya Lushoto kushuka Mombo, yenye kona zake juu ya korongo, haina subira na ujanja wa namna hiyo. Ngoma za breki, silinda na mabomba yake viwe sehemu ya ununuzi. Mwenye gari anayeambiwa kwamba breki zitaangaliwa baadaye asiruhusu gari litoke gerejini.

Vipimo vya ukaaji navyo vina neno. Umbali kati ya viti viwili vya springi juu ya hausingi lazima ulingane na chasisi. Usipolingana fundi hukata na kuchomelea upya, na moto wa kuchomelea hulipinda hausingi kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, lakini beringi hukiona ndani ya miezi michache. Idadi ya tundu za nati za ringi ikitofautiana mbele na nyuma, gari litahitaji matairi mawili ya akiba. Ekseli ikiwa pana kuliko ya mbele, magurudumu ya nyuma hayafuati njia iliyochimbwa na ya mbele kwenye tope, na gari linalima njia nne badala ya mbili.

Wapo wanaochagua njia nyingine, ya kuongeza ekseli ya tatu nyuma ili lori liwe tandamu. Hapa sheria inasikiliza kidogo, kwa sababu ekseli mbili zina ukomo wa tani 18 badala ya 10. Lakini gari hilo sasa ni gari jingine: linahitaji breki kwenye ekseli mpya, chasisi inayostahili, na taarifa zake kwenye kadi zirekebishwe Mamlaka ya Mapato. Bima nayo iambiwe mapema. Kampuni ya bima inayogundua ekseli ya ziada baada ya ajali itaiona kama mlango wa kutokea. Na kwenye tope la mashambani, ekseli ya tatu isiyovuta ni mzigo wa kuburuzwa tu. Inainyang'anya ekseli inayovuta uzito unaoipa mshiko.

Kununua kwa macho

Ekseli nyingi zinazouzwa ni za mtumba, zimetoka kwenye magari yaliyovunjwa Japani au yanayopitia Dubai, na zinapatikana Gerezani na Ilala jijini Dar es Salaam au barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Chuma cha mtumba si kibaya kwa sababu ni cha mtumba. Gari lililobeba barua kwenye lami ya Osaka linaweza kuwa na ekseli bora kuliko mpya isiyojulikana ilikotengenezwa.

La muhimu ni kuiona ikiwa wazi. Kamba ikivutwa kutoka habu hadi habu huonyesha kama hausingi limenyooka. Alama za kuchomelea zilizopakwa rangi mpya ni onyo. Shafti ichomolewe na meno yake yatazamwe dhidi ya mwanga. Yaliyoanza kujisokota hata kidogo yamekwisha. Mafuta yaliyobaki ndani yamwagwe kwenye kopo safi: unga wa chuma ni kawaida, vipande si kawaida. Kisha liulizwe swali ambalo wengi hulisahau, kwamba beringi, sili na shafti za ekseli hiyo zinapatikana wapi. Ekseli imara isiyo na vipuri mkoani ni mbaya kuliko dhaifu ambayo shafti yake iko kwenye kila duka la Njombe.

Hesabu ya mwisho ni ya mfukoni na haihitaji mtaalamu. Tuseme ekseli nzima, pamoja na breki na ufundi, ina gharama ya shafti 12. Lori linalokata shafti mbili kwa mwaka litairudisha fedha hiyo baada ya miaka sita, muda ambao huenda gari lenyewe limekwisha. Lakini kama kila kukatika kunaozesha nusu ya mzigo, gharama hiyo inaweza kurudi msimu wa kwanza. Anayebeba nyanya na viazi na anayebeba mahindi makavu hawapaswi kufikia uamuzi mmoja, hata kama malori yao yametoka meli moja.

Kwa wengi wa hao wa mahindi, kazi ya kufanywa kabla ya mvua za Novemba ni ndogo zaidi: mafuta mapya ya difu, beringi zifunguliwe na kupakwa grisi, yubolti za springi zikazwe, mpira wa kupumulia ufungwe, na shafti moja ya akiba ilazwe chini ya kiti pamoja na sili na spana yake. Vikundi vya wakulima vinavyokodi lori kwa pamoja vinaweza kwenda mbele kidogo na kukubaliana na mwenye lori nauli kwa kilo badala ya kwa gunia. Mzani wa kuning'iniza wa kilo 200 unafungwa kwenye tawi la mwembe, magunia yanapimwa moja moja, na jumla inaandikwa kwenye daftari kabla lori halijawashwa.